Kufuli Chini ya Mlingoti

Fadhili alifariki wiki tatu zilizopita huko Chunya alikorudi, na habari zilinikuta dukani nikipanga vitenge. Mkewe ndiye aliyepiga simu. Tukaambiana yanayosemwa, pole, poleni nanyi, yeye mbele sisi nyuma, na nilipokata simu nikakaa juu ya robota la vitenge mpaka mteja mmoja akaniuliza, "Dada, leo hamuuzi?" Nilimlilia Fadhili, na bado namlilia. Lakini kabla ya chozi la kwanza lilinijia wazo ambalo naona aibu kuliandika: kwamba sasa nimebaki mimi peke yangu ninayejua kufuli lile lilitoka wapi. Kwa miaka ishirini na kitu siri ile ilikuwa na watu wawili, na nilikuwa napata usingizi kwa kujiambia kwamba yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye mwenye mashine, siku moja atasema yeye. Hakusema. Ameniachia mzigo wangu mwenyewe, na kwa haki kabisa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kariakoo ilikuwa haijachimbuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendo kasi, na nyumba za chini za bati zilikuwa bado zimejibanza katikati ya maghorofa. Nilipanga kwa Bi Hadija, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma, jirani na mtaa wa Sikukuu. Nasema nilipanga, lakini baada ya miezi miwili alinihamishia chumba cha binti yake Salma, akasema, "Lala na mwenzio, mwanangu. Akishikwa kuwe na mtu." Salma alikuwa na kifafa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mcheshi, hodari wa kuiga sauti za watu, na alicheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja kwa sababu vidonge vya hospitali vilimvimbisha fizi. Alivitunza kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Viwili kila akitaka kulala, kwa maji ya vuguvugu, huku akikunja uso. Kuta za nyumba ile hazikufika juu, ziliishia zinapoanza mbao za paa, kwa hiyo la chumba hiki lilisikika chumba kile. Nilijua nani kagombana na mkewe, nani anaswali alfajiri na nani anajifanya kalala. Jioni tulikula uani, sinia moja, wali wa nazi na mchicha, siku nzuri na papa mkavu, na Bi Hadija alikuwa na desturi ya kusogeza kipande kikubwa cha papa upande wangu kwa kidole huku akiangalia pembeni. Mimi, Mchaga wa kanisani, nililelewa upya kwenye sinia lile.

Fadhili alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, karibu na choo. Alitoka machimbo ya dhahabu na mashine ambayo wachimbaji wanaiita detekta: fimbo yenye sahani chini na kisanduku juu, na ukiipitisha sahani juu ya ardhi inalia ikikuta chuma. Kule dhahabu ilimkimbia, akaja kujaribu bahati Dar. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Dhahabu ya mlimani inamtaka mwenye mtaji, lakini dhahabu ya mjini iko masikioni mwa watoto, na watoto hawatulii. Kila baada ya Idi alipita kwenye viwanja walikobembea, akaokota hereni, pete na vidani. Tabu ilikuwa moja tu, mwanaume peke yake anazunguka viwanja vya watoto na mashine inayolia. Nusu ya watu walisema anatafuta mali ya Mjerumani, nusu nyingine wakasema mumiani kaja kunyonya damu kisasa, na siku moja alirudi shati limechanwa. Ndipo aliponifuata. Biashara yangu ya soksi ilikuwa imekufa kifo chake cha kawaida. "Dada Ndeshi," akasema, "wewe una sura ya kufundisha watoto kanisani. Tembea na mimi tu." Kazi ikawa hiyo. Yeye anasikiliza, mimi nachimba kwa bisibisi na kijiko, na natabasamu kwa kila anayepita.

Shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya mtaa wetu tuliingia kwa heshima zote, kwa lango la mbele. Mtoto mmoja alichomwa na msumari uwanjani, akapata pepopunda, akaponea chupuchupu, na mwalimu mkuu akawa hana raha. Jioni wachuuzi walikuwa wanachoma makasha ya mbao pale. Mbao zinaungua, misumari inabaki. Kamati ya wazazi ikakubali tuusafishe uwanja wakati wa likizo, na kitakachookotwa kisicho na mwenyewe kiwe chetu. Fadhili alitembea polepole, sahani ikipita kushoto na kulia kama anayefagia, na alitambua sauti moja moja: msumari unakoroma, kizibo cha soda kinajifanya fedha, shaba inaimba. Alinifundisha sheria mbili. Ya kwanza, kila shimo lifukiwe na kukanyagwa kabla hujaenda jingine, maana watoto watakimbia hapo. Ya pili, "Ukikuta kufuli limefungwa, lirudishe lilipokuwa. Usiulize, usilitikise. Hilo ni la watu." Hakuhitaji kunifafanulia. Mjini hapa kila mtu anajua kwamba kufuli likifungwa kwa jina la mtu likafukiwa, mtu huyo kafungwa: hazai, haolewi, hapandi cheo, na kama ni timu, haipati goli. Tulitoa ndoo tatu za misumari. Tulipata pia nyembe za vichongeo, bikari, vifungo vya sare, kengele ya baiskeli, hereni ya dhahabu ndogo kama punje ya mchele, na beji ya kiranja ambayo niliisugua nikaivaa siku nzima. Mpaka leo nikipita kwenye uwanja wowote wa shule macho yangu yanainama yenyewe.

Salma alisoma shule hiyo hiyo. Alianguka mara ya kwanza akiwa darasa la tano, asubuhi, mstarini, chini ya mlingoti wa bendera, mbele ya shule nzima. Bi Hadija alimpeleka hospitali, na alikwenda pia kwa mganga mmoja Mbagala, kwa sababu mama mwenye mtoto mgonjwa hapiti mlango bila kugonga. Mganga akamwambia kuna kitu cha chuma kimefukiwa pale pale alipoangukia, kimefungwa kwa jina lake. Miaka kumi na moja mama yule alipita kando ya ukuta wa shule akiutazama mlingoti, asiwe na ruhusa ya kuchimba wala ujasiri wa kuomba. Mwaka ule posa ya pili ya Salma ilikuwa imerudishwa, baada ya upande wa mume kusikia habari za kifafa. Halafu tukatokea sisi na mashine.

"Mwanangu Ndeshi," aliniambia uani huku akichambua mchele, "kwenye mlingoti mtafika lini?"

"Ijumaa, mama."

"Mkifika uniite. Nataka nisimame mwenyewe."

"Mama, waache watu wafanye kazi yao," Salma akasema, na akaiga mlio wa mashine tukacheka wote. Lakini tulipobaki wawili chumbani aliniuliza, bila mzaha, "Shoga, kwani ile mashine huwa inakosea?"

Ambacho mimi na Fadhili hatukufikiria kumwambia Bi Hadija ni kwamba mlingoti wenyewe ulikuwa bomba la chuma lililosimikwa kwenye zege. Sahani ilipobakiza hatua mbili, mashine ilipiga yowe lisilokatika. Fadhili alikuwa amechomoa waya wa masikioni ili mama asikie mwenyewe, kwa heshima tu, na heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Bi Hadija alishika kichwa akasema, "Hilo." Fadhili akamweleza kwamba ni bomba, mama, karibu na bomba mashine inakuwa kiziwi, haisikii kingine. Akazima, akawasha, akarudi nyuma, akasogea. Kila alivyoeleza ndivyo mashine ilivyozidi kumkana. Tulichimba kwa mikono pande zote nne, mimi nikazamisha mkono hadi begani, tukatoa vizibo vitatu na mabonge ya zege. Mlinzi wa shule, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema aliwahi kusikia kwamba zamani kuna mwanamke alionekana akichimba pale alfajiri. Baada ya hapo hata malaika angeshuka na kusema hakuna kitu, asingesikilizwa.

Nyumba ilibadilika kuanzia jioni ile. Sinia liliwekwa kama kawaida, tukala, ila kipande cha papa hakikusogezwa. Inachekesha sasa, lakini niliumia kwa kipande kile kuliko kwa matusi yoyote niliyowahi kutukanwa. Baadaye, juu ya ukuta usiofika paa, nikamsikia Bi Hadija akimwambia Salma kwa sauti aliyodhani ni ya chini kwamba tumelipata tukalificha, kwamba vitu vile vina soko kwa waganga. "Mama, Ndeshi hawezi," Salma akasema. "Njaa haina Ndeshi," mama yake akajibu. Nilikaa kitandani nimeshika beji ya kiranja mkononi kama mtoto aliyefukuzwa shule. Ningeweza kuhama. Fadhili mwenyewe aliniambia tuhame, vyumba viko tele Buguruni. Lakini nilimpenda Salma, na nilimpenda mama yule, na nilitaka nirudishiwe nafasi yangu kwenye sinia. Nayasema yote matatu kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nasema la kwanza tu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa Buguruni, kwenye uwanja wa shule nyingine, misumari tena. Golini, kina cha kiganja, mashine ikakoroma kwa uzito, nikachimba, nikatoa kufuli dogo la shaba lililoota kijani, limefungwa. Fadhili alilitazama mara moja tu akageuza uso. "La mpira hilo, au la mtu, mimi sijui. Rudisha." Nikapiga magoti, nikasukumia mchanga kwenye shimo, nikakanyaga vizuri kama alivyonifundisha. Kufuli lilikuwa kwenye pindo la khanga yangu.

"Dada Ndeshi," akasema nyuma yangu.

"Nini?"

"Nimekwambia hilo ni la watu."

"Na Salma si mtu?"

Alipangusa sahani ya mashine kwa kiganja, akasogea mstari unaofuata. Kosa lake lote lilikuwa kuendelea na kazi. Yangu ndiyo yalikuwa yanaanza.

Nilimwambia Bi Hadija kwamba nilirudi peke yangu mlingotini, nikachimba upande wa jua linakozama, nikalipata chini ya zege. Alilipokea kwa viganja viwili. Halafu mwanamke yule wa makamo, niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, akanishika miguu kuniomba msamaha kwa aliyonisema, na mimi nikamwacha aombe. Mganga alikwishamwambia kwamba kufuli la namna ile halivunjwi. Ukilivunja, umemvunja mtu. Likalowekwa kwenye mafuta ya taa siku tatu, kisha tukalipeleka kwa fundi wa funguo anayekaa kibarazani, naye akachonga ufunguo kwa kubahatisha, akisugua na kujaribu karibu saa nzima. Akampa Salma auzungushe mwenyewe. Ndani hamkuwa na kitu, ni ungaunga wa kutu tu uliomwagikia viatu vyake. Bi Hadija akapiga vigelegele barabarani, watu wasiotujua wakamsaidia. Siku hiyo tulipika pilau, na Fadhili akasema tumbo linamsumbua, hakula.

Kwa haki ya Bi Hadija niandike hili, kwa sababu wanaosikia kisa hiki nusu nusu humdhania mjinga. Jioni ya pilau alimwambia Salma mbele yangu, "Vidonge usiviache mwanangu, vimalize kwanza, kisha daktari akwambie." Aliyeacha ni Salma. Niliona hajagusa maji ya vuguvugu, nikamtazama, akanong'ona, "Nimefunguliwa, shoga. Vya nini tena?" Nikasema, "Utaulizwa kliniki." Ndiyo maneno yote niliyoyatoa ili kumwokoa rafiki yangu. Kumzuia kwa kweli kungenilazimu nimwambie kufuli ni la Buguruni, na yeye alikuwa amechangamka, hasinzii tena mchana, anaamka kabla ya kila mtu, anacheka bila kuziba mdomo. Nilijiambia labda kweli. Labda chuma chochote kikifunguliwa kwa nia njema kinamfaa mtu. Karibu wiki tatu zilipita hivyo, na zilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio unaonitesa.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa uani anafua. Mama yake alikwenda sokoni kununua nazi, wapangaji wako kwenye shughuli zao. Alishikwa akiwa ameinamia beseni. Maji ya kufulia, kina cha kiganja na nusu, na uso uliozama humo, mwili ukamlemea mwenyewe. Mimi na Fadhili tulikuwa tunarudi kutoka kazini tulipoona wanaume wameketi kwenye mabenchi nje ya nyumba yetu, na mkeka umetandikwa. Fadhili aliingiza mashine kwenye duka la jirani, akaomba ifunikwe, kwa sababu haipendezi kuingia nayo msibani. Ndani, katikati ya wanawake, Bi Hadija alininyooshea mikono. Nilidhani ananifukuza. Alikuwa ananiita. "Tumechelewa kulifungua, mwanangu," akaniambia sikioni. "Lilikwishamla." Akanishukuru kwa kujaribu. Sijawahi kupigwa kofi zito kama shukrani ile.

Fadhili alihama kabla ya arobaini. Tuliagana stendi, na alichosema ni kwamba ataacha viwanja vya shule. Mimi nilibaki mjini, nikapata duka, mume, watoto, na kila Idi kwa miaka yote hii nimempelekea Bi Hadija sukari na doti ya khanga. Nyumba iliuzwa, sasa kuna ghorofa la maduka, naye anakaa Kigogo kwa mwanawe. "Huyu ndiye Salma wangu," huwaambia watu mbele yangu. La kuvunda halina ubani, wanasema, lakini mimi nilifukiza miaka ishirini na harufu nikaizoea. Kinachoniamsha ni mambo mawili. Moja ni yule wa Buguruni, sijui nani, ambaye kufuli lake nililifungua bila ruhusa yake. Aliolewa? Alizaa? Au lilikuwa la goli tu, na watoto wakaanza kufungana mabao bila kujua kwa nini? Sielewi hata kama naamini mambo hayo. Namwota tu, hana uso. La pili ni lile beseni.

Baada ya simu ya mjane wa Fadhili nilingoja Jumapili moja, ya pili nikaenda Kigogo. Nilimkuta Bi Hadija ameketi juu ya mkeka sebuleni, mdogo kuliko alivyokuwa kwenye Idi, tasbihi mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanivuta niketi karibu. Nilikuwa nimepanga hotuba nzuri njia nzima. Nikasema tu, "Mama, lile kufuli halikutoka mlingotini. Nililiokota Buguruni, nikakudanganya."

Alisogeza punje moja ya tasbihi, kisha nyingine.

"Kwa hiyo la Salma bado liko kule," akasema.

Alianza kutafuta khanga yake, akashika ukuta ainuke, mwanamke asiyeweza kufika mlangoni bila kushikwa mkono. "Shule si ipo bado? Basi kafungwa hata huko aliko. Nipeleke."

Hapo nikaelewa kwamba nilikuja kutua mzigo mwepesi, ule ambao hata ningeulizwa ningejitetea. "Kaa, mama," nikasema. "Pale hakuna kitu. Hakukuwahi kuwa na kitu."

"Wewe utajuaje, wewe uliyenidanganya?"

"Najua kilichomuua. Aliacha vidonge."

"Salma hakuacha vidonge." Alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Nilimwambia avimalize, na alinitii. Mimi chumba changu kilikuwa cha pili. Kila akilala nilikuwa nasikia kopo."

"Alikuwa analitikisa tu, mama. Ili usikie."

Tasbihi ikasimama. "Wewe ulimwona?"

"Nilikuwa kitandani. Nilimwona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pilau."

"Na ukuta haufiki juu," akasema polepole. "Ungesema neno moja tu hapo ulipolala, ningesikia."

"Ndiyo, mama."

Hakulia, wala hakunilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alinitazama kwa makini sana, uso, mikono, viatu, kisha akaanza tena kuhesabu tasbihi yake. Baada ya muda akamwita mkwewe aliyekuwa jikoni.

"Mama Shabani," akasema, "njoo umsindikize mgeni."